Joka la Wagiriki halikuwa na mabawa (uzi wa nyoka, visima na mkate wa asali)

#1 FrateriMstaafu

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu umezaliwa kijiweni. Jumamosi tumekaa na vikombe vya kahawa, likapita gari la wagonjwa. Jamaa mmoja akanyooshea kidole ile nembo ya nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo: "Mnaona? Shetani kawekwa mpaka kwenye ambulansi." Mwingine akadakia kwamba huyo ni nyoka wa shaba wa Musa. Wa tatu, kijana wa chuo, akasema wazee wote hamjui kitu, hiyo ni dragoni ya Wagiriki. Kahawa ikapoa pale pale.

Mimi nilisoma Kigiriki cha kale miaka mitatu seminarini kabla sijavua kanzu (sababu za kuvua zina uzi wake, msiniulizie hapa). Yule kijana ndiye aliyekaribia, ila hilo neno "dragoni" ndilo lililomharibia.

Futa kichwani mabawa, miguu minne na moto puani. Hayo ni mapambo ya Ulaya ya baadaye sana. Mgiriki wa kale aliposema *drakon* alimaanisha nyoka. Nyoka mkubwa, wa kukufanya urudi nyuma hatua tatu. Nyoka wa kawaida ni *ophis*. Sasa niambieni, sisi tunashindwa nini hapo? Tuna nyoka, na nyoka akikuzwa anakuwa joka, kama mtu anavyokuwa jitu na ngoma inavyokuwa goma. Waliotafsiri Ufunuo 12:9 hata hawakutoa jasho: Kigiriki kinasema *drakon*, halafu katika mstari uleule kinasema *ophis* wa kale, Kiswahili kikajibu "yule joka", halafu "nyoka wa zamani". Mwingereza hapo anahitaji maelezo, Mswahili anapita tu.

Neno lenyewe wanalihusisha na kitenzi *derkomai*, kukazia macho, kutazama kwa jicho kali. Drakon ni mkodoaji. Aliyewahi kutazamana na nyoka ataelewa: hana kope za kufumba, hapepesi. Na kiumbe asiyefumba macho unampa kazi gani? Ulinzi. Shikeni hapo kwenye ulinzi, maana ndiko ninakoelekea.

Nakuja na sehemu ya pili, naweka simu chaji.

#2 Kifutu77

Nimeweka kiti mbele kabisa. Ila mkuu usitupige chenga, kuna dragoni wanaotema moto kwa Wagiriki, nimeona kwenye muvi.

#3 BintiPangani

Nipo. Nasubiri hapo kwenye visima, maana kichwa cha uzi kinasema visima.

#4 FrateriMstaafu

Kifutu, anayetema moto ni Chimaira. Mshairi Homer katika utenzi wake wa Iliad anamweleza hivi: mbele simba, nyuma joka, katikati mbuzi, naye anapumua moto. Joka hapo ni mkia tu. Na kule Kolkhis alikokwenda shujaa Jason kutafuta ngozi ya dhahabu, waliokuwa wanatema moto ni mafahali. Joka lilikuwa kwenye mti, limekaa macho, linafanya kazi yake. Mshairi Pindar anasema lilikuwa nene na refu kuliko meli ya makasia 50. Medea, binti wa mfalme wa huko, akalilaza kwa dawa na nyimbo. Lakini kuna kikombe cha kuchorwa cha mchoraji Douris, cha mwanzoni mwa karne ya 5 KK, kiko Vatikani, kinaonyesha habari ambayo haimo kabisa katika masimulizi tuliyonayo: Jason yuko nusu nje ya kinywa cha joka, mikono inaning'inia, kama ndiyo kwanza anatapikwa, na mungu jike Athena amesimama mbele anamtazama. Joka lina meno na ndevu. Mabawa hakuna.

Haya, kisima.

Kadmos alitoka Foinike kumtafuta dada yake Europa aliyetoroshwa. Wakamwambia Delphi, kwenye uaguzi wa mungu Apollo: achana na dada, mfuate ng'ombe jike, atakapolala jenga mji. Ng'ombe akaenda, akaenda, akalala. Kadmos akataka kutoa sadaka, akatuma watu wakateke maji. Kisima kilikuwa cha Ares, mungu wa vita, na joka la Ares lilikuwa pale. Wateka maji hawakurudi. Kadmos akalifuata akaliua, na Athena akamwelekeza ang'oe meno na kuyapanda ardhini kama mtu anavyopanda mtama. Wakaota wanaume wenye silaha kamili, wakakatana wao kwa wao mpaka wakabaki watano. Hao watano ndio mababu wa koo kubwa za Thebes, na jina lao Spartoi maana yake "waliopandwa".

Watu husimulia wakaishia hapo, shujaa kaua joka, makofi. Utamu uko mbele. Kadmos alimtumikia Ares miaka 8 kulipa damu ya lile joka. Na uzeeni, yeye na mkewe Harmonia waligeuzwa majoka. Euripides anayatabiri hayo mwishoni mwa tamthilia yake ya Bakchai, na mungu Dionysos ndiye anayetamka. Mnaona mkao? Joka ni mwenyeji wa ardhi na maji, mjenzi wa mji ni mgeni. Ukimuua mwenyeji unadaiwa, na deni lenyewe ni wewe kushika nafasi yake.

#5 WakiliWaMtaa

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Yule Draco wa Athens, wa zile sheria kali tulizosimuliwa mwaka wa kwanza, jina lake ndilo hilohilo?

#6 FrateriMstaafu

Ndilo, wakili. Drakon. Bwana Joka, yule wa sheria za mwaka 621 KK hivi. Na Wagiriki wenyewe waliuona utani: Aristotle anamnukuu mtu aliyesema kwamba sheria zile hazikuwa za binadamu, zilikuwa za drakon.

#7 Mtumishi_wa_Zamu

Frateri, nafuatilia kwa tahadhari. Umetaja Delphi. Nataka kuuliza Matendo 16:16, yule kijakazi wa Filipi mwenye pepo wa uaguzi. Kigiriki chake kinasemaje?

#8 FrateriMstaafu

Mtumishi, umepiga penyewe. Kinasema *pneuma pythona*, roho ya Python. Na Python ndilo joka la Delphi.

Utenzi wa kale wa kumsifu Apollo unasema alipofika mahali pale alikuta joka jike kando ya chemchemi. Akalipiga mshale. Likagaagaa msituni huku na huku mpaka likatoa roho, na Apollo akalisimanga: oza hapo hapo ulipo. Jua likalioza. Kuoza kwao ni *pythesthai*, basi mahali pakaitwa Pytho, mungu akaitwa wa Pytho, na yule mwanamke aliyekaa juu ya kiti cha miguu mitatu akitoa majibu ya mungu akaitwa Pythia. Katika utenzi ule joka halina hata jina. Waliokuja baadaye wakalipa jina Python na kuligeuza dume. Tena baadaye wataalamu wa wanyama wakalichukua jina hilo wakampachika chatu. Kwa hiyo chatu wetu asiye na habari anatembea na jina lenye harufu ya mzoga wa Delphi.

Ila tazama: Apollo aliua joka, lakini uaguzi ulibaki na jina la joka. Wagiriki hawakuwa na shida na hilo. Mwaguzi Melampos alirambwa masikio na nyoka aliowalea, akaamka anasikia lugha ya ndege. Mwaguzi mwingine, Teiresias, aliwapiga nyoka wawili wakijamiiana, akageuka mwanamke, akakaa hivyo miaka kadhaa mpaka alipowakuta tena. Mtu akijua mambo ya chini au ya mbele, tafuta nyoka kwenye hadithi yake, hakosekani.

#9 BintiPangani

Frateri na Afrika hakuna? Hao Wagiriki wa Misri hawakukutana na chatu wetu?

#10 FrateriMstaafu

Walikutana, dada yangu, na hii habari utaipenda wewe wa pwani.

Ptolemy wa Pili, mfalme wa Misri karne ya 3 KK, alikuwa na ugonjwa wa kukusanya wanyama. Alilipa vizuri, wawindaji wakajipa moyo. Mwanahistoria Diodorus anasimulia kwamba kusini huko, nchi waliyoiita Ethiopia, waliona joka la dhiraa 30 karibu na maji. Dhiraa 30 ni kama mita 13, na chatu wa Afrika akifika 6 watu wanaitana kupiga picha, kwa hiyo punguzeni chumvi wenyewe.

Mara ya kwanza walikwenda na kamba. Joka likamnyakua mmoja kwa mdomo, wa pili likamzungushia mwili akiwa anakimbia. Waliobaki wakatawanyika. Wakarudi na akili nyingine: wakasuka kitu cha matete mazito, cha mviringo, kirefu kutosha kumeza joka zima. Wakasubiri lilipotoka kwenda kula, wakaziba shimo lake kwa mawe, wakachimba tundu jingine pembeni na kukiweka kile kitu mdomo wazi. Joka liliporudi wakalipokea kwa mishale, kombeo, farasi na tarumbeta. Likakimbilia nyumbani, likakuta pameziba, likaona tundu la pembeni, likaingia. Wakakaza mdomo. Wakalipeleka Alexandria, wakalinyima chakula mpaka likapoa, na mfalme akawa anaonyesha wageni.

#11 BintiPangani

DEMA! Hilo ni dema, Frateri. Babu alikuwa anasuka pale ukumbini, samaki anaingia anafuata chambo, kutoka hajui.

#12 FrateriMstaafu

Na ndivyo Diodorus alivyoandika, kwamba umbo lake ni kama mtego wa wavuvi wa kusuka. Umemwelewa kuliko maprofesa wangu.

#13 KarafuuMuscat

Salamu kutoka Muscat jamaa. Mimi nimesikia Wagiriki waliandika kuhusu nyoka wa huku, wanaolinda ubani. Kuna ukweli?

#14 FrateriMstaafu

Kweli ameandika, kama mambo yenyewe ni kweli ni shauri lake. Mwanahistoria Herodotus anasema miti ya ubani ya Uarabuni inalindwa na nyoka wadogo wenye mabawa, wengi kila mti, na wavunaji huwafukuza kwa moshi. Hapa mabawa yapo, Kifutu furahi, lakini angalia: ni wadogo, na anawaita *ophis*, si *drakon*. Na kazi yao? Ulinzi tena. Ninyi wa huko mnaijua miti ya Dhofar, semeni kama mmewahi kumkuta hata mmoja.

#15 KarafuuMuscat

Hahaha, shangazi yangu anachoma ubani kila Alhamisi, labda ndiyo maana hatujawahi kuwaona.

#16 Mtumishi_wa_Zamu

Sasa turudi kwenye nembo, maana ndiyo iliyoanzisha. Kama joka ni mlinzi wa kisima, hospitalini linatafuta nini?

#17 FrateriMstaafu

Nembo ni ya Asklepios, mungu wa uganga, mtoto wa Apollo. Makao yake makuu yalikuwa Epidauros. Mgonjwa alikuwa anafika, anatoa sadaka, halafu analala ndani ya ukumbi maalumu akisubiri ndoto. Humo ndani kulikuwa na nyoka wapole, walifugwa kabisa.

Yamebaki mawe yaliyochongwa shuhuda za waliopona, ya karne ya 4 KK. Kuna moja silisahau. Mtu ana kidonda kibaya kwenye kidole cha mguu. Mchana watumishi wakambeba, wakamkalisha nje kwenye kiti, akapitiwa na usingizi. Nyoka akatoka ukumbini, akamramba kile kidole kwa ulimi, akamaliza, akarudi ndani. Mtu akaamka mzima. Akasema: nimeota kijana mzuri wa sura ananipaka dawa kidoleni.

Soma tena taratibu. Waliokaa macho waliona nyoka, aliyelala aliona kijana. Jiwe linaandika vyote viwili sambamba, wala halijisumbui kusema kipi ndicho.

Mwaka 420 KK Asklepios akaletwa Athens. Roma walipopigwa na tauni wakatuma ujumbe Epidauros, na wanasema nyoka mwenyewe alipanda meli, na walipofika mto Tiber akashuka kwenye kisiwa. Hekalu likawekwa hapo mwaka 291 KK. Hospitali ipo kisiwani hapo hadi leo.

Ila msichanganye: fimbo ya Asklepios ina nyoka MMOJA, ndiyo ya Shirika la Afya Duniani. Ile ya nyoka wawili na mabawa juu ni ya Hermes, mungu wa wapiga mbio, wafanyabiashara na wezi. Jeshi la Marekani liliiweka kwa madaktari wake mwaka 1902, na dunia ikaiga bila kuuliza. Ukiiona kwenye duka la dawa, hesabu chenji yako.

#18 Kifutu77

😂😂 hiyo ya chenji nimeipeleka grupu la ukoo.

#19 MamaNuru

Ninachojiuliza, kwa nini nyoka apewe uponyaji wakati sumu ni yake?

#20 FrateriMstaafu

Mama Nuru, kwanza kwa Mgiriki *pharmakon* ni dawa na ni sumu, neno moja. Pili ni lile gamba. Gamba alilovua nyoka, Wagiriki waliliita *geras*. Na *geras* ndilo neno la kawaida la uzee. Nyoka anauvua uzee wake, anauacha kwenye jiwe kama shati, anaondoka kijana. Aristotle anasema kuvua kunaanzia machoni, mpaka asiyejua anadhani nyoka amepofuka. Sisi "kujivua gamba" tumewaachia wanasiasa tangu 2011, lakini ukilifikiria kwa utulivu ni neno zito.

Lakini sumu haikusahauliwa, usidhani walikuwa wajinga. Shujaa Herakles alichovya mishale yake kwenye nyongo ya Hydra, yule nyoka wa maji wa Lerna. Miaka ikapita, akampiga Nessos, nusu mtu nusu farasi, kwa mshale huo, damu ya Nessos ikahifadhiwa, ikapakwa kwenye vazi, na vazi likamuunguza Herakles mwenyewe hadi akaomba kufa. Hydra alilipiza akiwa marehemu.

Na kuna ile ndoto ya Klytaimnestra, aliyemuua mumewe Agamemnon. Katika tamthilia ya Aeschylus ya mwaka 458 KK, anaota amezaa joka. Analivika nepi kama mtoto mchanga, analipa titi, na kwenye maziwa linafyonza bonge la damu. Anaamka anapiga kelele, taa zinawashwa nyumba nzima. Orestes mwanawe akisimuliwa hamwiti mwaguzi. Anasema: joka ni mimi. Basi anakwenda kumuua mama yake.

#21 MamaNuru

Nimesoma hiyo ya titi nikafunga simu kwanza.

#22 Mtumishi_wa_Zamu

Nakubali kwamba hawakumwona kama sisi tunavyomwona Ibilisi. Lakini waliabudu nyoka au hawakuabudu? Jibu moja kwa moja.

#23 FrateriMstaafu

Moja kwa moja: ndiyo, baadhi. Pale Piraeus, bandari ya Athens, yamepatikana mawe ya karne ya 4 KK yamechorwa nyoka mkubwa mwenye ndevu, na maandishi yanasema ni Zeus Meilichios. Zeus mwenyewe, baba wa miungu, katika umbo la nyoka. Zeus Ktesios naye alikuwa wa stoo, mlinzi wa vilivyowekwa, naye alionwa kama nyoka wa nyumbani. Makaburi ya mashujaa yalichorwa nyoka pembeni, maana shujaa aliyezikwa anatoka ardhini kwa umbo hilo.

Na bado waliwacheka waliozidisha. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, ana mchoro wa mtu mwenye hofu za dini: akiona nyoka ndani ya nyumba, akiwa wa aina moja anamwita mungu Sabazios, akiwa wa ile aina takatifu anajenga kibanda cha ibada pale pale alipomwona. Fikiria mke wake anarudi sokoni anakuta sebule imekuwa hekalu.

#24 MzalendoWaUvinza

Hata kwetu nyoka wa pangoni hauawi, ni mzimu. Wagiriki walitoa kwetu hao.

#25 FrateriMstaafu

Kufanana kupo mzee wangu, ila undugu tusiulazimishe. Nyoka anakaa mashimoni kila nchi, na wafu wanazikwa ardhini kila nchi.

#26 WakiliWaMtaa

Mkate wa asali uko wapi? Kichwa cha uzi kina mkate wa asali, nimesoma mpaka hapa njaa inaniuma.

#27 FrateriMstaafu

Nilikuwa nauweka mwisho makusudi.

Waathene walijiita watoto wa udongo. Mfalme wao wa kwanza, Kekrops, chini alikuwa nyoka. Erichthonios alizaliwa ardhini, Athena akamficha kwenye kikapu, mabinti wa Kekrops wakafungua bila ruhusa, wakakuta mtoto na nyoka. Basi juu ya Acropolis, kile kilima cha Athens, hekaluni, wakaamini anakaa nyoka mkubwa, mlinzi wa mji. Kila mwezi walimwekea mkate wa asali. Na kila mwezi mkate uliliwa.

Mwaka 480 KK Waajemi wanakuja. Jeshi la Xerxes limepita Thermopylae, na tangazo limetoka kwamba watu wahame mji, wapande meli. Kuacha nyumba na makaburi ya baba zako si jambo dogo, watu wanasitasita. Hapo kuhani mke wa Athena akatoa taarifa: mwezi huu mkate haujaguswa. Nyoka kaondoka. Kama mlinzi kaondoka, mungu wa mji naye kaondoka. Herodotus anasema baada ya kusikia hilo walihama kwa moyo zaidi. Waajemi wakachoma Acropolis, lakini watu walikuwa wameshavuka, na pale Salamis meli za Waajemi zikavunjwa.

Mwaka uliofuata, baada ya vita vya Plataea, Wagiriki walimpelekea Apollo wa Delphi nguzo ya shaba ya nyoka watatu waliosokotana, na majina ya miji 31 iliyopigana yamechongwa juu ya miili yao. Konstantino aliihamishia mji wake. Nguzo ipo mpaka leo Istanbul, uwanjani, vichwa vimekatika. Kipande cha kichwa kimoja kiko makumbusho ya huko huko.

#28 Kifutu77

Subiri kwanza. Huyo nyoka wa Acropolis, kuna mtu aliyewahi kumwona?

#29 FrateriMstaafu

Herodotus ameandika kwa uangalifu sana hapo. Anasema walimwekea sadaka "kana kwamba yupo".

#30 Kifutu77

Na mkate ukawa unaliwa kila mwezi.

#31 FrateriMstaafu

Kila mwezi. Na Plutarch, aliyeandika miaka mingi baadaye, anasema ile habari ya mkate kutoguswa ilikuwa mpango wa Themistocles, jemadari aliyetaka watu wapande meli.

#32 WakiliWaMtaa

Kwa hiyo miezi yote ile mkate ulikuwa unaliwa na kuhani?

#33 FrateriMstaafu

Wakili, mimi hilo sijasema.